Kasi Usiyoipima Usiiapie

Wanangu mnaojijengea kompyuta wenyewe, nyinyi mnaokesha mkihesabu fremu za gemu na nyinyi mnaokula kwa kuhariri video za harusi, leo nina maneno nanyi, na maneno yenyewe yanahusu RAM. Prosesa na kadi ya grafiki nawaachieni, maana hizo zikizidiwa mara nyingi hazifichi. Feni zitavuma, picha itaganda, mashine itajizima, na kila aliyemo chumbani atajua pana jambo. RAM haina tabia hiyo. Ukiipandisha kasi kupita uwezo wake, inaweza kukosea tarakimu moja kati ya mabilioni, ikanyamaza, na kazi ikaendelea kama kawaida. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakuwahi kuona kompyuta.

Kosa hilo la kimya ndilo linalonifanya niwakalishe chini. Kila kitu unachokifanya hupita kwenye RAM kabla ya kufika kwenye diski: picha, hesabu za duka, tasnifu ya dada yako. Tarakimu ikigeuka humo, diski itaipokea ilivyo na kuitunza kwa uaminifu mkubwa, kosa na yote. Hivyo nasaha yangu ni moja, na mengine yote ni maelezo yake: namba iliyoandikwa kwenye boksi si yako mpaka mashine yako yenyewe, katika joto la chumba chako mwenyewe, iithibitishe.

Jueni kwanza mnachokichezea. Mwaka 1966 mhandisi wa IBM aitwaye Robert Dennard alibuni namna ya kuhifadhi tarakimu moja kwa transista moja na kapasita moja ndogo, na hataza yake ikatolewa mwaka 1968. RAM mnazonunua leo zimesimama juu ya wazo hilohilo. Kapasita ina kasoro ya kuzaliwa nayo: chaji yake huvuja. Kwa hiyo chembe zote za kumbukumbu lazima zijazwe upya kila mara; kwa RAM za kizazi cha DDR4 kanuni ni ndani ya milisekunde 64, na joto la chipu likipita nyuzi 85 muda huo hukatwa nusu, kwa sababu penye joto chaji huvuja haraka zaidi. Unapopandisha kasi unaipunguzia chipu muda wa kusoma chaji iliyo hafifu tangu mwanzo. Hakuna uchawi hapo. Kuna nafasi ya usalama aliyoiacha mtengenezaji, na wewe unaila.

Sasa tuje kwenye kununua, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopigwa. Kwanza tazameni mazabodi inataka DDR4 au DDR5. Zote mbili zina pini 288, lakini pengo la katikati haliko mahali pamoja, kwa hiyo moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. Ikigoma kuingia, acha, usitumie nguvu.

Pili, msilewe na namba moja. Kwenye boksi mna kasi, kwa mfano 3600, halafu mna CL, ambayo ni idadi ya mapigo ya saa kabla RAM haijaanza kujibu. Namba hizi mbili hazisomwi mbalimbali. Chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi, utapata muda wa kusubiri kwa nanosekunde. DDR4 ya 3200 yenye CL16 inakupa nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL18 inakupa 10 vilevile. DDR5 ya 6000 yenye CL30 ni 10 tena, na ukiipata yenye CL36 ni 12. Rudi nyuma hadi DDR ya kwanza kabisa, ile ya 400 yenye CL2 waliyojivunia wakubwa wenu mwanzoni mwa miaka ya 2000: nayo ni 10. Katika muda wote huo kusubiri kumebaki karibu palepale. Kilichoongezeka ni wingi wa mzigo. Chaneli moja, yaani njia moja ya data kati ya RAM na prosesa, ya DDR4-3200 hubeba gigabaiti 25.6 kwa sekunde, na ya DDR5-6000 hubeba 48. Ni kama duka la jumla lililopanua mlango: magunia mengi zaidi yanatoka kwa mkupuo, lakini kijana wa stoo bado anatembea mwendo uleule kwenda kuyachukua. Kuna kazi zinazotaka mlango mpana na kuna kazi zinazomngoja huyo kijana. Gemu nyingi humngoja kijana. Kufungasha mafaili makubwa na kuchakata video hufaidi mlango.

Tatu, muulize prosesa wako kabla ya kumuuliza muuzaji. Ryzen za mfululizo wa 5000, ambazo bado zimejaa mitaani, hupenda kasi ya ndani ya prosesa iende sambamba na ya RAM. Kwa nyingi, 3600 hukaa bila ugomvi. Ukipita 3800 hivi, prosesa hulazimika kuachana hatua na RAM, muda wa kusubiri unapanda, na wewe umelipia kasi kubwa ili upate mashine nzito. Ryzen za 7000 zinazotumia DDR5 hutulia kwenye 6000. Anayekuuzia 8000 kwa ajili ya mashine hiyo amekuuzia namba ya kupigia picha. Na ikiwa prosesa wako ni wa X3D, wenye akiba kubwa ya kumbukumbu ndani yake, RAM ya bei mbaya itakuongezea kidogo sana, kwa kuwa prosesa huyo hatoki nje mara kwa mara.

Wanaofaidi hasa mlango mpana wa RAM ni wale wasiodhaniwa. Kijana aliyenunua Ryzen 5 5600G kwa sababu hana pesa ya kadi ya grafiki, huyo grafiki zake hula RAM ileile ya mashine. Akiwa na kipande kimoja cha gigabaiti 16, anatumia chaneli moja na nusu ya uwezo imelala. Akiwa na vipande viwili vya gigabaiti 8, gemu ileile itabadilika mbele ya macho yake bila kugusa BIOS. Kabla ya kuhangaika na taimingi, yaani CL na wenzake, hakikisha una vipande viwili, na viko kwenye sloti sahihi. Penye sloti nne, kwa kawaida ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha mazabodi kitakwambia. Kisome, hakikuwekwa kwenye boksi kwa ajili ya kujazia.

Nne, nunueni vipande vilivyofungwa pamoja kwenye boksi moja. Najua hali ya mifuko: mtu anasema nitachukua kimoja mwezi huu, kingine mwezi ujao. Lakini kiwanda hubadilisha chipu zilizomo ndani na jina la nje likabaki lilelile. Mwezi ujao utapata kipande chenye rangi ileile na tabia nyingine kabisa, halafu utashangaa kwa nini viwili haviendi kasi ambayo kila kimoja kinaiweza peke yake. Wala msijaze sloti nne kwa ajili ya kupendezesha. AMD wenyewe wanaandika kwamba Ryzen 7000 ikiwa na vipande viwili vya DDR5 wanaihakikishia 5200, na ikiwa na vinne ni 3600. Ukitaka gigabaiti 64, chukua 32 mara mbili. Na anayetaka taa za urembo ajue kwamba huko duniani huuzwa hata vipande vya taa tupu, visivyo na chipu ya kumbukumbu hata moja, ili sloti zisikae wazi. Vijana, hapo tena si kompyuta, ni arusi.

Umenunua, umechomeka, mashine imewaka. Wengi huishia hapo na hawajui kwamba RAM yao ya 3600 inakwenda 2133 au 2666. Kasi ya kwenye boksi haijiwashi yenyewe. Imehifadhiwa ndani ya kipande kama profaili, XMP ya Intel iliyoanza mwaka 2007 au EXPO ya AMD iliyokuja mwaka 2022, na ni lazima uingie BIOS uiwashe. Fungua Task Manager, gusa sehemu ya kumbukumbu, usome kasi. Ukitumia CPU-Z usishtuke kuona 1800 badala ya 3600. Inaonyesha mapigo ya saa, na kila pigo hubeba mara mbili.

Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuwasha profaili tayari ni kupandisha kasi. DDR4 kwa kanuni ni volti 1.2, profaili huipeleka 1.35. DDR5 kwa kanuni ni 1.1, profaili nyingi huipeleka kati ya 1.25 na 1.4. Kiwanda kimekipima kipande. Hakikumpima prosesa wako wala mazabodi yako. Ndiyo maana kipande kilekile hukaa salama kwa jirani na kwako kikaleta skrini ya bluu, na hakuna aliyekudanganya.

Kuna somo la mwaka 2023 ambalo kila mwenye Ryzen 7000 anapaswa kulijua. Prosesa wa X3D walikuwa wametoka punde, watu wakawasha EXPO kama ilivyo desturi, na baadhi ya mazabodi zikapandisha zenyewe volteji ya SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia RAM. Prosesa wakaungua, wengine wakavimba chini na kuchoma soketi. AMD ikatoa marekebisho ya BIOS yanayoizuia volteji hiyo isipite 1.3. Wenye mashine hawakuwa wameandika namba yoyote ya hatari kwa mkono wao. Walibonyeza kitu kimoja, mazabodi ikaamua mengine. Kwa hiyo ukishawasha profaili, pitia volteji zote zilizoachwa kwenye Auto, uone zimefika wapi. Na BIOS iwe mpya, ila usiisasishe siku umeme unakatikakatika na huna UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kubaki na mazabodi isiyowaka.

Anayetaka kwenda mbele ya profaili na aende, ila kwa utaratibu. Piga picha kila ukurasa wa BIOS kabla ya kugusa. Jua jampa ya kufutia CMOS iko wapi, au betri ile ya duara ya CR2032, maana ipo siku skrini itabaki nyeusi. DDR5 ikibadilishiwa mipangilio inaweza kukaa dakika kadhaa ikijipima bila kuonyesha kitu; ipe nafasi kabla ya kutangaza msiba. Halafu badilisha jambo moja kwa wakati. Pandisha kasi kwanza ukiwa na taimingi zilizolegea, pima. Kisha shusha CL, pima. Kisha taimingi zinazoifuata, tRCD na tRP, pima. Ukibadilisha mambo matano kwa mkupuo na mashine ikagoma, umebaki na washukiwa watano na huna shahidi.

Volteji iacheni iwe ya mwisho kufikiriwa. Kwa DDR4 ya kazi za kila siku, 1.35 hadi 1.4 inatosha watu wazima. Mtawaona walioko kwenye 1.5 wakijisifu, wengi wana chipu za Samsung B-die, zilizopata sifa kwa kuvumilia volteji na kubana taimingi, na juu ya RAM wamefunga feni. Chipu za aina nyingine hupewa volti hizo zisiongeze chochote isipokuwa joto. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Usichukue namba za mtu bila kuchukua na feni yake.

Joto hilo ndilo linalotuhusu sisi wa pwani kuliko anayeandika maelekezo akiwa Ujerumani mwezi wa kumi na mbili. Dar es Salaam mwezi wa Februari mchana hufika nyuzi 32, na hiyo ni nje. Ndani ya kasha lililobanwa ukutani, karibu na kadi ya grafiki inayotema hewa ya moto, ni habari nyingine. B-die zilizobanwa sana huanza kukosea zikikaribia nyuzi 50. Wapo pia wanaorefusha tREFI, yaani wanachelewesha kule kujaza chaji upya, ili RAM ipate muda zaidi wa kazi. Ni mbinu ya kweli na inaleta kasi ya kweli. Lakini chaji huvuja kwa joto, na wewe umeiongezea muda wa kuvuja. Mipangilio iliyofaulu saa nane za usiku, dirisha likiwa wazi na feni ya dari inazunguka, inaweza kuanguka saa nane mchana. Pimeni mchana. Na mpime kadi ya grafiki ikiwa kazini pia, kwa sababu programu ya kupima RAM peke yake huiacha kadi imelala na kasha limepoa, hali ambayo hamtakuwa nayo mkicheza wala mkihariri.

Kupima kwenyewe hakuna mkato. MemTest86+ ni ya bure, unaiweka kwenye flashi na kuwashia mashine humo. Iache ipite mizunguko minne au zaidi. Ukirudi kwenye Windows, tumia TestMem5 kwa saa kadhaa, halafu Prime95, programu iliyotokana na msako wa namba tasa kubwa, ambayo husaga prosesa na RAM kwa pamoja. Idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Usiseme ni moja tu. Moja katika saa tatu za kupima ni nyingi katika mwaka wa kazi.

Kwa nini nalisisitiza hili? Alikuja kijana mmoja pale Kariakoo, mhariri wa video, kasha kalibeba begani. “Shikamoo mzee. Mashine haina shida yoyote, ila mafaili ndiyo mabovu.” Akanionyesha video ya harusi: bibi harusi anaingia ukumbini, na kila baada ya muda kiraka cha kijani kinamkata usoni. Faili alizofungasha kwa 7-Zip zilikuwa zikifunguka leo na kukataa kesho, zikilalamika kwamba CRC, alama ya ukaguzi wa faili, hailingani. Alishabadilisha diski, na diski mpya ikapokea ubovu uleule. Nilipofungua kasha nikakuta vipande vinne vya kampuni mbili tofauti, profaili ya 3600 imewashwa juu ya vyote. MemTest86+ haikumaliza hata mzunguko wa kwanza kabla mistari ya makosa haijaanza kushuka kwenye skrini. Tuliacha vipande viwili vilivyofanana, kwa 3200, na makosa yakakoma. Ila faili zilizokwisha kuandikwa zikiwa na kosa zilibaki na kosa. RAM hutengenezeka kwa dakika, harusi hairudiwi.

Basi weka nakala ya kazi zako kwenye diski nyingine kabla ya kuanza majaribio, wala usihariri kazi ya mteja kwenye mipangilio ambayo bado unaijaribu. Kama huna mchana na usiku wa kuiachia mashine ipimwe, iendeshe kwa kasi ya kanuni. Hakuna aibu ndani yake. Tofauti kati ya 3200 iliyothibitishwa na 3800 ya kubahatisha katika kazi nyingi ni ndogo kuliko muda utakaoutumia kutafuta faili moja iliyoharibika. Anayecheza gemu tu na hana cha kupoteza, huyo na ajaribu atakavyo. Akiangusha Windows ataipakia upya na atakuwa amejifunza kitu.

La mwisho ni la uungwana. Kompyuta za kwetu hazifi na mmiliki wa kwanza. Utamuuzia mdogo wako, yeye atamuuzia mwanafunzi, mwanafunzi ataipeleka stesheneri ikachape vyeti vya watu. Siku ya kuuza, rudisha BIOS katika hali ya kiwandani. Ukiiacha kwenye kasi uliyoibana, bandika karatasi ndani ya kasha: kasi, taimingi, volteji, na ulivyopima. Na mnunuzi mwambie kwa mdomo wako, kwa sababu yeye atakapoona mafaili yanaharibika hatakumbuka RAM. Atanunua diski, kama alivyofanya yule kijana.